Pasta akirudi kutoka kongamano la uongozi, ni somo gani hudumu?

#1 Mchunga_Nyamasaria
Bwana asifiwe wadau. Wiki iliyopita nilikuwa Nakuru kwenye kongamano la viongozi wa makanisa. Tulitoka kila upande: Bungoma, Busia, Homa Bay, Kericho, hata Lodwar. Nimerudi na daftari limejaa, na kabla sijaketi na wazee wa kanisa nataka kusikia mawazo yenu.

Lililonishika zaidi ni la Yethro na Musa, Kutoka 18. Mwalimu hakulihubiri. Alilisoma polepole, kisha akatugawia karatasi tupu na kusema: andika kila jambo ambalo wiki hii limesubiri neno lako ndipo lifanyike. Ukumbi ukanyamaza. Jirani yangu, mzee mwenye mvi kutoka upande wa Webuye, aliandika mpaka akageuza karatasi: ufunguo wa stoo, nauli ya kwaya, nani aende kumwombea mgonjwa, bei ya mabati, mtoto wa nani abatizwe lini. Akaniinamia akasema, "Na hapa sijaandika mazishi."

Mengine: sadaka ihesabiwe na watu wasio jamaa ya mchungaji, naye asiwepo mezani. Halafu 2 Timotheo 2:2, ambapo Paulo anamwambia Timotheo awakabidhi watu waaminifu, nao wawafundishe wengine. Na mchungaji awe na siku ya kupumzika ambayo washirika wote wanaijua.

Hakuna jipya hapo. Yule mzee alisema haya ameyasikia tangu akiwa shemasi kijana. Basi kwa nini yakifika nyumbani yanapoa? Msimamo wangu: wachungaji tunaogopa. Tunaogopa kwamba kanisa likiweza kwenda bila sisi, halitatuhitaji tena. Anayeona vingine aseme.

#2 Mama_Kondele
Karibu nyumbani Pasta. Swali moja tu: ulienda na nani?

#3 Mchunga_Nyamasaria
Peke yangu, Mama. Kanisa lilichangia ada na nauli ya mtu mmoja.

#4 Mama_Kondele
Basi jibu unalo. Kwetu mchungaji alipokuwa akienda peke yake alirudi na maneno mapya, nasi wazee tukaona anataka kutugeuzia kanisa. Alipoenda na mweka hazina na kiongozi wa akina mama, mazungumzo yalianza ndani ya matatu, na kufika Awasi walikuwa wameshakubaliana mambo mawili. Hoja ya kuhesabu sadaka mbele ya watu ilitolewa na mweka hazina mwenyewe. Kwa kuwa ilitoka kinywani mwake, hakuna aliyesema pasta anamshuku.

#5 Shemasi_Kaptembwo
Mama, nakuunga mkono, lakini pesa ya watu watatu inatoka wapi? Kanisa letu Kaptembwo ni la vibarua na mama mboga. Kumpeleka mmoja tu tulichanga kwa wiki kadhaa. Na nyinyi wa Kisumu mna umbali zaidi. Wanaoandaa makongamano wangetoza ada ya kundi, si ya kichwa.

#6 Katekista_Yala
Naomba sisi Wakatoliki tuchangie. Hili la Yethro kwetu liliamuliwa zamani. Maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi zetu za Afrika Mashariki na jirani, walikubaliana miaka ya 1970 kwamba maisha ya parokia yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Padre wetu ana vigango vingi, hawezi kufika kote kila Jumapili. Asipokuwepo, ibada naongoza mimi. Mtu akilazwa, jumuiya yake inajua kabla ya padre. Wala sidhani padre wetu ni jasiri kuliko wachungaji wenu. Hana njia nyingine tu. Mkishakuwa na mchungaji mmoja kwa waumini sitini, lazima kila kitu kimwendee.

#7 Boda_Mtumishi
Mimi naona Yethro alikuwa na hekima ya mkwe. Alimwambia Musa achague wazee sabini, mambo yakaisha. Sisi kwetu hata wazee saba hawapatikani siku ya kufyeka uwanja wa kanisa.

#8 Msomaji_Bungoma
Mulembe ndugu. Wazee sabini wako Hesabu 11, na hapo ni Mungu anayemwambia Musa awakusanye. Yethro katika Kutoka 18 anataja wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Halafu Yethro alikuwa kuhani wa Midiani, mtu wa nje kabisa, na ndiye aliyethubutu kumwambia Musa "Jambo hili ufanyalo si jema."

Ukizisoma sura hizo mbili pamoja, utaona jambo ambalo makongamano hayaligusi. Musa alimsikiliza mkwewe na akapanga wakuu. Lakini katika Hesabu 11 analia tena kwamba mzigo wa watu hawa wote umemlemea, mpaka anaomba afe. Wakuu alikuwa nao. Kesi ndogo ndogo walizipokea, lakini manung'uniko ya watu yalibaki kwake.

#9 Boda_Mtumishi
Asante kwa marekebisho mwalimu. Kwa hiyo Musa naye alihitaji kongamano la pili 😀

#10 Mzee_Maseno
Pasta #1 umesema woga, ila hukusema chanzo chake. Mchungaji wa huku amekua akisikia historia. Mwaka 1942 Paulo Kivuli alitoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori akaanzisha African Israel Nineveh. Mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake, waliojiita JoHera, yaani watu wa upendo, walitoka Anglikana hapa Nyanza na kuwa Church of Christ in Africa. Sisemi walikosea. Walikuwa na sababu nzito, na makanisa hayo yamelea watu wengi wa Mungu. Lakini ukimwambia mchungaji wa leo "mlee msaidizi, mpe mimbari, mpe kikundi," yeye anaona hema jipya ng'ambo ya barabara na nusu ya viti vyake viko mle ndani. Kumwita mwoga ni kumwonea. Huyo anasoma jirani zake.

#11 Mchunga_Nyamasaria
Mzee, hili limenigusa. Kule Nakuru mchungaji mmoja aliuliza swali hilo hilo wakati wa maswali: "Niliyemlea ameondoka na kwaya yote, nimlee mwingine?" Mwalimu alimjibu kwamba Paulo naye aliachwa na Dema, na bado akaandika barua ya kumwita Marko. Wengine walipiga makofi. Aliyeuliza hakupiga.

#12 Rafiki_Kaimosi
Sisi Marafiki (Quakers) tuko Kaimosi tangu 1902 na muundo wetu haukumtegemea mtu mmoja. Kuna mkutano wa mwezi, wa robo mwaka, wa mwaka. Karani anaandika kile ambacho mkutano umekubali, si anachotaka yeye. Kwa maelezo ya Mzee #10, tungekuwa salama. Lakini Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki ulioanza 1946 umegawanyika mara kadhaa, na mimi nimeona kwa macho ugomvi wa nani anashika ofisi na magari. Kwa hiyo kugawa madaraka hakuzuii mgawanyiko, na kuyakumbatia hakuuzuii vilevile. Tutafute sababu nyingine.

#13 Mwalimu_Luanda
Nyongeza kwa Mzee #10. Watu wanasahau alivyorithiwa Kivuli. Wengi husema alimwachia mjukuu wake. La. Alipofariki 1974 aliyeongoza ni mjane wake, Rabecca Jumba Kivuli, mpaka 1983, ndipo mjukuu akashika. Karibu miaka kumi mwanamke aliongoza kanisa kubwa la Magharibi, na sijawahi kumsikia akitajwa kwenye semina yoyote ya uongozi. Tunaletewa mifano ya watu wa mbali wakati Jebrok, makao makuu ya kanisa hilo, iko karibu.

#14 Mama_Kondele
Mwalimu Mungu akubariki. Nilitaka kufika hapo. Nani anayejua nani mgonjwa, nani hajala, nani amefukuzwa na mume? Ni akina mama wa ushirika wa nyumbani. Yethro akija Kondele leo atawakuta wakuu wa kumi wameshapatikana, wamevaa vitambaa. Kinachokosekana ni kuwaketisha kwenye kikao kinachoamua pesa.

#15 Boda_Mtumishi
Mama, mambo yanabadilika. Si Anglikana tayari wana askofu mwanamke, yule wa Bondo?

#16 Mwalimu_Luanda
Wa Bondo, Emily Onyango, aliwekwa kuwa askofu msaidizi mwanzoni mwa 2021. Askofu kamili wa kwanza mwanamke katika Kanisa Anglikana la Kenya (ACK) ni Rose Okeno wa Dayosisi ya Butere, Septemba mwaka huo huo. Na siku hiyo hiyo ya kumweka wakfu, Askofu Mkuu Ole Sapit ndipo alipotangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari ya kusemea siasa. Butere iliona mambo mawili siku moja.

#17 Mhudumu_Siaya
Jamani yule mzee wa Webuye alisema neno la kweli kabisa pale mwanzo na mmelipita. "Sijaandika mazishi." Ngoja nieleze, maana kwangu hapa ndipo somo la Yethro linapofia.

Huku Ijumaa na Jumamosi ni za matanga. Mwili unatoka mochari Ijumaa, kuna mkesha, Jumamosi ni kuzika. Mchungaji anaweza kuwa na mazishi mawili siku moja, moja Ugunja, jingine Ukwala. Kanisa letu lilipanga vizuri: mazishi ya mshirika yaongozwe na mzee wa mtaa wake, mchungaji afike mapema katikati ya wiki, akae na familia bila haraka. Wote tulikubali kikaoni.

Mazishi ya kwanza chini ya mpango huo yalikuwa ya mama mmoja aliyetumika miaka mingi. Mzee wa mtaa alifika asubuhi, shati limepigwa pasi, kitabu cha ibada mkononi, mahali pa kusoma ameweka vipande vya karatasi. Wakati wa kuanza ulipofika mjomba wa marehemu akasimama: "Huyu mama ametoa fungu la kumi tangu kanisa likiwa la nyasi. Leo mnamletea nani?" Hakuna aliyemjibu. Jeneza likakaa chini ya hema, kwaya ikarudia nyimbo zile zile, mpaka mchungaji akaletwa na bodaboda kutoka mazishi mengine, suruali ina matope hadi magotini. Vigelegele vikapigwa. Mzee wa mtaa alikunja kitabu chake akapita nyuma ya nyumba, na hajakubali kupangiwa ibada tena.

Hapo mchungaji hakuogopa kitu. Alikuwa tayari kugawa. Washirika ndio waliokataa kugawiwa.

#18 Shemasi_Kaptembwo
Pole sana kwa huyo mzee. Hii imeniuma.

#19 Binti_Mbale
Mhudumu #17, kwetu Vihiga tulipitia hayo na tukapata njia, ingawa si ya haraka. Mchungaji alienda kwenye mazishi, lakini akaketi na waombolezaji. Akasimama mara moja tu kusema: "Leo mimi pia naongozwa na mzee wangu," akakaa. Mzee akaongoza mwanzo mpaka mwisho na udongo akatupa yeye. Ilirudiwa hivyo mazishi hadi mazishi, mpaka familia zikaanza zenyewe kumwomba mzee fulani kwa sababu analia nao. Ukimtuma mzee wakati wewe haupo, watu wanaona umewapunguzia heshima. Ukiwepo na kumwachia, wanaona umempa heshima yeye.

#20 Mhudumu_Siaya
Asante dada. Hili nitalipeleka kwa mchungaji leo jioni. Swali: mchungaji wenu alikuwa na mazishi machache kuliko wetu? Maana kuhudhuria na kukaa kimya bado ni Jumamosi nzima imekwenda.

#21 Binti_Mbale
Ni kweli, mwanzoni hakupunguza chochote. Jumamosi zake zilianza kurudi baadaye sana.

#22 Daktari_wa_Vitabu
Mnazunguka. Tatizo ni mafundisho yenyewe. Nimehudhuria makongamano ambayo ukiondoa mistari miwili ya Biblia kinachobaki ni kozi ya meneja wa kampuni: maono, malengo, kupima ukuaji. Mchungaji wa Nyalenda anarudi anawahesabu watu badala ya kuwajua. Yesu katika Yohana 10 anasema mchungaji huwaita kondoo wake kwa majina.

#23 Mchunga_Nyamasaria
Daktari, hilo lipo makongamano mengi, sikatai. Lakini hili la Nakuru lilikuwa tofauti. Mwalimu alituuliza majina ya watoto wa wazee wetu wa kanisa. Wengi tulibaki tunaangaliana.

#24 Free_Area_Nakuru
Mmekuja kwetu Nakuru mkaondoka bila kuuliza somo la mji huu. Kanisa letu lina Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na Waturkana. Tulipita ghasia za kikabila za 1992, 1997, 2008. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa askofu Mkatoliki wa Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, alisimama na waliofukuzwa Molo na kwingineko wakati kusema hivyo kulikuwa hatari. Huo kwangu ni uongozi wa kufundisha.

Sasa mnasema Kutoka 18. Mimi naomba Matendo 6. Wajane wa upande mmoja walinung'unika kwamba wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Ilikuwa lawama ya kikabila, tusifiche. Mitume waliita mkutano wote, watu wakachagua saba. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, yaani ya upande uliolalamika. Waliosahauliwa ndio waliopewa kugawa chakula, na hakuna mahali tunasoma kwamba wajane wa Kiebrania waliachwa njaa. Kanisa letu lilijaribu: kamati ya msaada ikaongozwa na watu wa jamii iliyo ndogo zaidi kati yetu. Manung'uniko kuhusu unga wa msaada yalipungua sana. Kwa hiyo nikisikia "gawa kazi" nauliza: unamgawia nani? Mchungaji akigawa kazi kwa watu wa kwao tu, ni yeye yule kwa mikono mingi.

#25 Msomaji_Bungoma
Ndugu wa Free Area, huu ndio mchango bora wa uzi huu mpaka sasa. Na Nikolao hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa, alikuwa mwongofu wa Antiokia.

#26 Mweka_Hazina_Mstaafu
Narudi kwenye pesa kwa sababu imeguswa juu juu. Nimeshika vitabu vya kanisa miaka mingi. Hivi ndivyo tunavyofanya, atakaye achukue.

Meza iko mbele, peupe. Watu wazima watatu wa familia tofauti na kijana mmoja wa kuandika, na wanabadilishwa kila mwezi. Noti zinanyooshwa kwanza. Sarafu zinapangwa minara: za ishirini peke yake, za kumi, za tano, na zile za shilingi moja za watoto wa shule ya Jumapili, ambazo haturuhusu mtu azisukume pembeni. Wanahesabu mara mbili huku wakibadilishana mafungu. Kijana anasoma jumla kwa sauti, wote wanatia sahihi kwenye daftari gumu, namba inaandikwa ubaoni karibu na mlango kabla watu hawajamaliza kuagana. Za M-Pesa zinasomwa kutoka namba ya kanisa, haziji kwenye simu ya mtu. Jumatatu zote zinaenda benki kama zilivyo, hata kama kuna bili inangoja. Bili inalipwa kwa kutoa, ionekane.

Mchungaji wakati huo yuko nje anasalimia watu. Kwa utaratibu huu hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole, na sadaka haikushuka.

#27 Shemasi_Kaptembwo
Hapo pa "hata kama kuna bili inangoja" ndipo tunaposhindwa wengi. Stima ikikatwa Jumapili, mkono unaingia kapuni.

#28 Mtu_wa_Wokovu
Tukutane msalabani wapendwa. Mimi ni wa ushirika wa uamsho, ule ulioanzia Gahini Rwanda na kuingia Kenya 1937. Baba zetu hawakuwa na ada wala beji. Walikuwa wakulima, makarani, walimu wa shule, na waliongoza mikutano mikubwa kuliko ya maaskofu. Waliwezaje? Walitembea nuruni. Mtu akikosa alisema mbele ya ndugu, na ndugu walimwuliza maswali ambayo mchungaji wa leo hawezi kuulizwa na yeyote. Leo mchungaji ana walimu wa mbali kila mwaka, lakini hana ndugu watatu wa karibu wanaoweza kumwuliza, "Pasta, unaishije na mke wako? Hiyo gari imetoka wapi?" Mwaka 2023 Shakahola, kule mhubiri alikowafungisha waumini wake mpaka wakafa, ilituonyesha mahali anapofikia mtu ambaye hakuna wa kumwuliza. Zaidi ya watu mia nne walikufa. Kongamano haliwezi kumpa mtu ndugu wa kumwuliza.

#29 Daktari_wa_Vitabu
Mtu wa Wokovu, nakubali mengi, ila uamsho nao ulizaa ubaguzi wa "sisi tuliookoka" na ugomvi ndani ya makanisa. Hata kisa cha JoHera cha Mzee #10 kina mkono wa mivutano ya uamsho. Tusiupambe.

#30 Mzee_Maseno
Ni kweli, mivutano ilikuwepo, na mimi nilikuwa mtoto nikisikia wakubwa wakitoka nje ya ibada. Lakini pia tusidharau makongamano. Desemba 1976 viongozi Wakristo wa Afrika walikutana Nairobi, KICC, mkutano uliojulikana kama PACLA. Askofu Festo Kivengere wa Uganda alikuwepo. Miezi miwili baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala na Kivengere akakimbilia uhamishoni. Waliokutana pale hawakujadili namna ya kujaza viti. Na hapa kwetu tulikuwa na Henry Okullu, askofu wa Maseno South kuanzia 1974, aliyekataa waziwazi kura za mlolongo, za watu kupanga foleni nyuma ya mgombea, wakati wengine walinyamaza. Pasta, hao wa Nakuru waliwafundisha kusema ukweli kwa mwenye mamlaka?

#31 Mchunga_Nyamasaria
Kulikuwa na kipindi kimoja kuhusu pesa za wanasiasa. Tulitofautiana vikali. Wengine walitaja Wakatoliki, jinsi Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilivyokataa michango ya Rais. Mchungaji wa kijijini akasimama na kusema: "Nyinyi mna wafadhili. Mimi bati langu la mwisho liliwekwa na mbunge." Kipindi kikaisha hivyo.

#32 Mke_wa_Mchungaji
Nimesoma yote kimya. Naomba mnisikilize pia. Mnasema woga wa kunyang'anywa kanisa. Mume wangu amefikisha miaka ya kustaafu. Hajawahi kuwekewa hata shilingi ya NSSF, na nyumba tunayoishi ni ya kanisa. Akimkabidhi kijana leo, kesho tunalala wapi? Mnamwambia amlee Timotheo, lakini hakuna aliyekaa na wazee kuwauliza Paulo atakula nini. NSSF inapokea michango ya hiari ya mtu asiyeajiriwa. Kanisa lingeanza miaka ishirini iliyopita na kiasi kidogo tu, mume wangu angekuwa ameshaweka mikono juu ya kijana wake kwa furaha, kwa sababu anampenda. Na ile siku ya mapumziko Pasta #1 uliyoitaja, mimi ndiye ninayepokea simu siku hiyo.

#33 Mama_Kondele
Mama mchungaji, pole na asante. Hili linaenda kwenye kikao chetu Jumapili hii. Nitalisoma kama ulivyoandika, bila jina.

#34 Mchunga_Nyamasaria
Mama, nalichukua pia. Nilikuja na sababu moja, sasa naona kuna nyingine tano na kila moja ina ushahidi wake. Nikianza na wazee wangu naanza wapi? Kiwanja tulichojenga bado kimeandikwa jina langu, kwa sababu nilikinunua kabla kanisa halijasajiliwa.

#35 Karani_wa_Kisumu
Pasta, anza na hicho kiwanja, mengine yote yatakwama hapo. Nafanya kazi za hati, nitakueleza kwa kifupi. Kanisa lililosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama haliandikwi ardhi kwa jina lake lenyewe. Wanaandikwa wadhamini. Kwanza mkutano mkuu uchague wadhamini na kumbukumbu zitiwe sahihi. Hakikisheni ripoti za kila mwaka kwa Msajili wa Vyama hazina pengo, maana hapo ndipo faili nyingi hulala. Kama ni ardhi ya kilimo, mtahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi ya eneo lenu, hata kama unatoa bure, na ombi lifike bodi ndani ya miezi sita tangu mlipokubaliana. Mkeo naye atoe idhini yake kwa maandishi.

#36 Rafiki_Kaimosi
Karani, wadhamini wakiwa wanne na wawili wamefariki inakuwaje? Sisi tuko hapo.

#37 Karani_wa_Kisumu
Angalia katiba yenu kwanza, inasema nafasi inajazwa vipi. Kama wadhamini walisajiliwa kuwa chombo kimoja kisheria, hati haiguswi, mnajaza nafasi na kujulisha ofisi. Kama waliandikwa majina yao tu, leta cheti cha kifo cha kila mmoja na kumbukumbu za uchaguzi. Nitumie katiba kwa ujumbe wa faragha nione.

#38 Mke_wa_Mchungaji
Na nyumba ya mchungaji iandikwe humo kwenye katiba, Pasta. Andikeni atakaa muda gani baada ya kukabidhi, na mjane wake atakaa muda gani.